Uliza Mwalimu: Kila siku ni ileile, furaha niitoe wapi?

Wasomaji wangu hamjambo. Mwezi huu barua zimekuja nyingi, na nikizisoma naona karibu zote zinauliza kitu kimoja, mmoja ako Nakuru, mwingine Kisumu, mwingine Bungoma, lakini wote wanalia kwamba siku zimekuwa kama nakala, unaamka, unafanya kazi, unalala, na hapo katikati hakuna kitu cha kukuchangamsha. Basi leo safu yote ni ya hilo tu. Yule aliyeuliza kuhusu kuku wanaodonoana anisubiri mwezi ujao, sijamsahau.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni keshia kwa hadiwea moja hapa Nakuru mjini, mwaka wa sita sasa. Naamka saa kumi na moja, napanda matatu, nafungua droo, nauza misumari na simiti, jioni narudi Section 58, napika, naangalia simu mpaka usingizi unichukue. Kesho yake tena. Sina shida kubwa, mshahara unakuja, siumwi. Lakini hakuna kitu kinanifurahisha. Kwa simu naona wenzangu wako Diani, wako Dubai, mimi niko na misumari. Na Nakuru yenyewe imebaki na nini, hata flamingo walihama. Nifanye nini nipate hata kamsisimko kidogo? (Keshia, Nakuru)

Marahaba mwanangu. Kwanza nikuulize jambo moja na ujijibu mwenyewe bila kujidanganya. Kama hata chakula hakina ladha, usingizi umekukimbia ama unalala kutwa na bado umechoka, na hiyo hali imepita wiki mbili, hapo si mambo ya kuchoshwa na kazi tena, huo ni ugonjwa na unatibika, nenda hospitali ya kaunti umwambie daktari hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Hakuna aibu hapo. Lakini nikisoma barua yako ilivyo, naona ni macho yamezoea.

Kuzoea nakujua vizuri sana. Nimefundisha darasa la kwanza miaka ishirini na tatu, na kila Januari ni ba be bi bo bu. Mwaka wa nane hivi nilifika mahali mkono unaandika ubaoni wenyewe na mimi niko mbali nawaza karo na sabuni. Siku moja tukafika kwa "bu" na kijana mdogo wa dawati la mbele akacheka mpaka akashika tumbo. Nikamuuliza unacheka nini, akaniambia, "Madam, ukisema bu mdomo unakuwa wa samaki." Nikasema tena, polepole, nikausikia mdomo wangu unavyojikusanya. Kweli kabisa! Darasa zima likaanza kusema bu huku wameshikana mashavu, na siku hiyo hakuna mtoto aliyekosa ile silabi. Kuanzia hapo nikawa naangalia midomo, nani sh inamponyoka inakuwa s, nani r na l zinabadilishana viti, nani anatoa ulimi nje kidogo akiandika herufi m. Silabusi haikubadilika hata nukta, lakini ile miaka iliyobaki sikuchoshwa tena na ba be bi.

Sasa wewe uko mahali pazuri kuliko unavyodhani. Hakuna mtu hununua misumari kwa sababu anapenda misumari. Hapo mbele ya droo yako kutwa nzima wanapita watu wanaojenga kitu, nusu kilo ya misumari ya mabati, ile ya kofia, maana yake kuna paa mahali, bawaba mbili na komeo ni mlango, na ukiona mwanamume mzima ananunua lita moja ya rangi ya pinki jua kuna chumba cha mtoto kinangoja. Kesho muulize mteja mmoja, mmoja tu usijisumbue, "unajenga nini?" Uliza kama mtu anayetaka kujua. Halafu andika jibu lake nyuma ya risiti iliyoharibika, sentensi moja, weka kwa pochi. Mimi niliwahi kumuuliza hivyo mzee mmoja kwa foleni ya hadiwea hapa Kisumu, ameshika bomba la plastiki na mfereji mmoja, akaniambia anamtengenezea mkewe mahali pa kunawia karibu na jikoni ya nje, ameupandisha mfereji juu kidogo kwa sababu goti la mama limeanza kukataa kuinama. Hiyo ni miaka mingi na bado kila nikifungua mfereji namkumbuka yule mzee na lile bomba.

Halafu hayo mambo ya flamingo, hapo hebu tuelewane. Hawakuamka tu wakahama. Ziwa Nakuru lilianza kupanda karibu mwaka wa 2010, maji yakaenda mpaka yakafunika lango kuu la zamani la mbuga na ile migunga ya kando ikafa imesimama. Maji yakiwa mengi magadi yanapungua nguvu, na kile kimwani wanachokula flamingo, spirulina, kinataka maji makali ya magadi, kwa hivyo chakula kilipopungua wengi wakafuata chakula Ziwa Bogoria na kwingineko. Hata ile rangi yao ya pinki inatoka kwa hicho chakula, kifaranga huzaliwa wa kijivu. Maji yakiwapendeza tena wanarudi, hawajakukasirikia wewe.

Na wakati mnawalilia flamingo, kuna ndege wanaoitwa mwari, wako hapo juu. Zamani, karne iliyopita, waliletwa samaki wadogo ziwani ili wale mabuu ya mbu, samaki wakazaana, na mwari wakaja kufuata samaki. Ni ndege mkubwa, mweupe, na ile hewa ya moto ikianza kupanda kutoka ardhini kama saa nne hivi asubuhi utawaona wakizunguka juu bila kupiga bawa hata moja, duara, duara, kama mtu anapanda ngazi isiyoonekana, mpaka wanakuwa vidoti. Mara ngapi umesimama kwa steji macho kwa Dubai ya mtu na mwari kumi wako juu ya kichwa chako?

Jumapili moja ukipata nafasi nenda Hyrax Hill, ni karibu tu na mji, barabara ya kwenda Nairobi. Mwanaakiolojia Mary Leakey alianza kuchimba pale 1937 na wakapata makaburi na misingi ya nyumba za watu wa zamani sana, lakini mimi kilichonishika ni bao. Liko pale limechongwa kwenye mwamba wenyewe, vishimo kwa mistari, na ukiingiza kidole kwa kishimo unasikia ni laini. Kuna watu walikaa hapo, labda mifugo iko pale chini inakula, jua limekuwa kali, wakacheza. Hawakuwa wamesafiri kwenda popote, walikuwa hapo hapo nyumbani kwao Nakuru.

Mwalimu, mi ni mtu wa boda, Bungoma. Sina wikendi na sina pesa ya kutembea. Nikikosa abiria nakaa kwa steji dakika kumi, ishirini hivi. Hizo nizifanyie nini, na data imeisha?

Data ikiisha leo ni sawa tu. Ukifika steji asubuhi kabla ya saa mbili angalia kaskazini, siku ambayo si ya ukungu Mlima Elgon unasimama wote. Kilele chake, kiko upande wa Uganda, ni mita 4,321, na ukiuangalia vizuri utaona hauna ncha kali kama vile watoto huchora milima, umelala mpana, kwa sababu ni volkano ya zamani iliyoporomoka katikati ikabaki kama sufuria. Jua likishapasha mabonde hewa inapanda na mawingu yanakuja kuufunika, lakini saa ya kufunikwa inabadilika siku kwa siku. Shindaneni hapo kwa steji, leo utafunikwa saa ngapi, anayekosea ananunua chai. Nitashangaa kama baada ya mwezi hamtakuwa mnajua siku ya kubeba koti la mvua.

Mulembe Mwalimu. Namtunza mama mkwe wangu, alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia haufanyi kazi na kuongea ni kwa shida. Bwana yangu yuko kazini Nairobi. Silalamiki, ni mama yangu. Lakini juzi nilikuwa nje nachambua mrenda na jirani, akanichekesha nikacheka kwa nguvu, kuingia ndani nikakuta mama amenikodolea macho. Niliona aibu kama mtu aliyeiba. Ni vibaya kufurahi na mgonjwa yuko kitandani? (Mke wa mwana, Shinyalu)

Mulembe dada yangu. Si vibaya. Soma tena hapo, si vibaya.

Na nikuulize, ni nani alikuambia yale macho yalikuwa ya hasira? Mama amelala ndani miezi, anasikia kuku, anasikia pikipiki inapita, anasikia nyinyi mnacheka na hajui mnacheka nini. Mimi ningekuwa yeye ningekuwa nakufa kwa kutaka kujua. Mama yangu mzazi alikaa kitandani karibu miaka miwili huko kwetu upande wa Kakamega, na sisi wote tukaanza kutembea kwa vidole, tunanong'ona, redio tumezima, watoto tumewafukuza uwanjani, tukadhani hiyo ndio heshima. Siku moja dada yangu anaingia na uji, mama akamshika mkono, akajikaza na ule ulimi mzito akasema, "Kwani mmekufa?" Tulitoka nje tukalia, tukacheka, halafu tukawasha redio. Kwa hivyo wewe ukicheka tena na jirani, ingia ndani umpelekee hicho kicheko, mwambie alisema hivi na hivi, hata kama hawezi kukujibu.

Tena mpe kazi. Sinia kwa mapaja, kunde kidogo ama mrenda, achambue na mkono wa kushoto, hata akimaliza majani kumi kwa saa nzima hiyo ni mboga yake na jioni uwaambie watoto kwamba hii ni ya nyanya yao. Muulize anayemfanyia mazoezi ya viungo ni kazi gani nyingine ndogo mkono unaweza.

Halafu kuna kitu nataka ufanye mvua zikianza. Unajua ile jioni mvua imekatika, ardhi inatoa mvuke, na kumbikumbi wanaanza kutoka. Mtoe mama na kiti mpaka mlangoni aone. Usiwakimbilie na beseni mara moja, kaeni kwanza muangalie mmoja tu. Anatoka kwa shimo na mabawa manne marefu kuliko mwili wake, anaruka kama amelewa, anatua, na akishatua anayaacha yale mabawa hapo chini kama mtu anavua koti, hayahitaji tena, yalikuwa ya safari ile moja tu. Kisha utaona wawili, jike mbele na dume nyuma amemganda unyounyo, wanatembea kutafuta mahali pa kuchimba, na wakifaulu, wengi hawafaulu kwa sababu kuku, chura na sisi tunawangoja, hao ndio mfalme na malkia wa kichuguu kipya. Watoto wako wanajua kuwala wakiwa wamekaangwa na chumvi, hilo najua, lakini waulize kama wanajua vile nyanya yao alikuwa anawashika. Wazee walikuwa wanafunika kichuguu kwa matawi na majani wanaacha njia moja tu ya kutokea, na chini yake kashimo, halafu wanapiga ardhi na vijiti kama mvua inanyesha ili wadanganyike watoke. Mama mkwe wako anaweza asipate maneno ya kueleza, lakini mpe kijiti kwa mkono wa kushoto uone.

Na wewe mwenyewe pia. Shinyalu mko karibu na msitu wa Kakamega, kipande kilichobaki cha ile misitu ya mvua inayotokea Kongo, watu hutoka Ulaya na darubini kuja kuona ndege ambao wewe wanakuamsha bure. Yule mkubwa wa buluu mwenye kishungi cheusi, ambaye sauti yake inagonga kok kok kok hata ukiwa jikoni. Mwombe huyo jirani anayekuchekesha akae na mama nusu saa mara moja kwa wiki, uende peke yako mpaka ukingo wa msitu, ukae, urudi. Usiende na ndoo wala kutafuta kuni.

Habari yako Mwalimu. Mi nachora, kazi yangu ni kuta za kinyozi, saluni na hoteli, mara moja moja matatu. Niko Kondele, hapa Kisumu. Shida ni aidia zimeisha. Nikipewa ukuta nafungua simu natafuta picha nachora vile ilivyo, na juzi mteja ameniambia kinyozi yake inafanana na ile ingine ya pale chini. Na ni ukweli. Aidia zinarudije?

Umenifurahisha kwa kusema na ni ukweli. Mtu akishasema hivyo kazi imeanza kurudi.

Ile picha ya kwa simu tayari kuna mtu mwingine aliiangalia kwa niaba yako, alichagua rangi, alichagua upande wa kusimama, wewe umebaki kuwa mkono tu. Ndio kuta zinafanana. Sasa nakuomba wiki nne simu ibaki mfukoni, beba penseli na kadaftari, na uende mahali pamoja. Nasema pamoja, usizunguke mji mzima. Mimi nakuchagulia Dunga, kule ufuoni kwa wavuvi, maana najua pale vizuri, lakini ukipenda soko la Kibuye ni sawa, ukiona vile wale akina mama wanapanga mafungu ya nyanya, yaani mbivu kabisa inakaa juu peke yake ikiangalia njia, utajua hakuna aliyewafundisha hiyo kwa shule ya kuchora na wanakushinda.

Dunga uende asubuhi mara ya kwanza, wavuvi wakirudi. Angalia mashua zenyewe, mbao zimeunganishwa kwa pembe kali chini, mbele imechongoka, na ubavuni kuna mapambo ya rangi na jina. Usichore bado. Muulize mwenye mashua kwa nini inaitwa hivyo. Utapata habari ya mama yake, ya mchezaji wa mpira, ya deni, ya kitu kutoka kwa Biblia. Hayo majina yana hadithi, na wewe kazi yako ni kuandika majina ya watu ukutani, kwa hivyo ukipewa kinyozi nyingine muulize mwenyewe swali hilo hilo kabla hujafungua kopo la rangi. Kwa nini unaiita hivyo? Hapo tu ukuta wake hauwezi kufanana na wa pale chini.

Siku ya pili kaa kando ya mafunjo, yale ambayo Wajaluo wanaita togo na kusuka mikeka nayo. Kaa kimya. Kuna ndege hapo ambaye ni wa mafunjo, huwezi kumpata mjini wala kwa shamba la mahindi, anaishi kwenye hivyo vinamasi vya huku kwetu ziwani na mahali pachache pengine. Utamsikia kabla hujamuona. Akitokea, angalia haraka: mgongo mweusi tititi, kifua chekundu lakini si nyekundu ya nyanya, ni ile ya damu, na utosini doa la manjano kama dhahabu, halafu kwa bawa mstari mmoja mweupe. Nilipomuona mara ya kwanza nilikuwa nimekaa pale karibu saa nzima na miguu imekufa ganzi, akatua kwa unyasi mita tatu hivi kutoka kwangu, unyasi ukainama, akapiga mdomo wake mara mbili kwa bua, akaenda. Sekunde tano labda. Sasa wewe fikiria, nyeusi, nyekundu ya damu, doa moja la manjano juu na mstari mweupe, hizo rangi ziko tayari zimepimwa, kiasi kipi kiwe kingi na kipi kidogo, ziweke kwa kinyozi moja hapo Kondele bila kuchora ndege yeyote, rangi tu, kwa kile kile kiasi chake. Watu watasimama na hawatajua ni nini kimewasimamisha.

Siku ya tatu uende jioni, ufike saa kumi na mbili. Jua la Kisumu linazama karibu saa kumi na mbili na nusu kuendelea, na kwa sababu tumelalia ikweta, mstari wenyewe unapita hapo Maseno, jua linashuka wima halichelewi, ukishaliona limegusa maji una kama dakika ishirini tu za rangi. Mwanga ukiwa chini hivyo unapita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kufika kwa jicho, buluu inatawanyika njiani, inayobaki ni ile ya machungwa na nyekundu. Lakini mimi sitaki uangalie jua, kila mtu anachora jua. Geuka nyuma. Angalia mwanga huo ukiwa juu ya uso wa mama anayekaanga samaki, juu ya bati lenye kutu, juu ya omena zilizoanikwa ambazo mchana zilikuwa fedha na sasa zimekuwa shaba. Andika majina ya rangi kwa maneno yako, "shaba ya omena", "kijani ya togo ikiwa na kivuli", unda orodha yako mwenyewe, ukienda dukani kuchanganya rangi uchanganye mpaka ipatikane hiyo.

Siku ya nne rudi hapo hapo. Utaniambia hakuna jipya. Kaa tu. Mimi kwa uzoefu wangu siku ya nne ndio jicho hufunguka, sijui kwa nini inachukua muda huo lakini hata watoto wangu wa shule nikiwapa jani moja walichore kila siku ilikuwa Alhamisi ndio wanaanza kuona mishipa.

Mwalimu nakuheshimu lakini leo nimekasirika. Mwezi jana ulituambia tukae nje tuangalie mwezi ukitoka. Mimi niko Nyalenda, niko na watoto watatu, kibarua napata cha siku moja moja. Mwezi hauliwi. Hizi furaha ndogo ndogo ni za watu walioshiba. (Mama wa watatu)

Mama, asante kwa kuniandikia ukiwa na hasira badala ya kunyamaza. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote za mwezi huu.

Uko sawa, mwezi hauliwi. Kama nimeandika kwa namna ya kukuonyesha kwamba mtu akiangalia mwezi atasahau unga, basi niliandika vibaya na naomba unisamehe. Sufuria ikiwa tupu enda kwanza kwa jirani, enda kwa chama, enda kwa kanisa ama msikiti, omba kukopeshwa gorogoro bila kuona haya, mwezi utakungoja. Na sitakuambia ushukuru ulichonacho, hilo neno limetumiwa sana kuwanyamazisha watu wenye haki ya kulalamika.

Lakini hapo kwa walioshiba niruhusu nikueleze kitu. Miaka ya 1990 shule moja ya kibinafsi niliyokuwa nafundisha ilikaa miezi minne bila kutulipa. Nilikuwa na watoto wawili na chumba kimoja. Tulikula mgongo wazi, wewe uko Nyalenda sina haja ya kukueleza, mbuta, yaani sangara, ameingia kiwandani, minofu imepanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tumebaki na uti wa mgongo na kichwa, vinakaangwa pale Obunga vinauzwa. Jirani yangu kwa ploti alikuwa anachuuza hizo, na jioni zikibaki ananiita, tunagawana, watoto wake wanne na wangu wawili wamezunguka sinia moja.

Sasa yule mama alikuwa anajua kitu. Ndani ya kichwa cha samaki, huku nyuma karibu na ubongo, kuna vijiwe viwili vyeupe. Ukipasua kichwa polepole bila pupa unavipata, vigumu, vinang'aa kidogo, kama jino la mtoto. Akawaambia watoto anayekipata kizima hajavunja ndiye anaanza kuchagua kipande kesho. Wee! Hao watoto walikuwa wanakula polepole, wanachunguza kila mfupa kama madaktari, hakuna aliyekwamwa na mwiba hata siku moja, na chakula kidogo kikawa kinakaa saa nzima. Sisi wawili tunawaangalia na taa ya koroboi. Nilikuwa na njaa mama, nakuambia ukweli, siku nyingi nilikula mchuzi tu ili wao washibe, sikuwa mtu aliyeshiba. Na zile jioni ndizo nazikumbuka kwa mwaka ule wote, si ile siku mshahara ulikuja.

Miaka baadaye mtaalamu mmoja wa samaki hapa Kisumu ndiye aliniambia vile vijiwe ni vya sikio, samaki anavitumia kusikia na kukaa sawa ndani ya maji asipinduke, na ukikikata kimoja ukakiweka chini ya hadubini kina miviringo myembamba kama ya gogo, wanahesabu wanajua alikuwa wa miaka mingapi. Nilirudi nyumbani mbio kumwambia binti yangu, alikuwa sekondari wakati huo. Alikuwa ameviweka vyote kwa kisanduku cha kiberiti.

Ana mtoto wake sasa. Wiki iliyopita alikuja kunitembelea, akafungua droo ya kabati akitafuta mkasi, akakuta kile kiberiti bado kiko, akamkalisha mwanawe kwa mapaja na kukitikisa polepole karibu na sikio lake.